Msimamizi wa mirathi si mrithi!

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Ngara

NDUGU msomaji, kijana mwenzangu unayesoma gazeti hili ukiwa kijiweni Mwanza, Kahama au Dar es Salaam, nina swali moja kabla hujageuza ukurasa kutafuta habari za Simba na Yanga. Baba yako akifa leo usiku, mama yako atalala wapi mwakani?

Usinijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na ndiyo sababu naandika makala haya.

Nilipigiwa simu nikiwa Mwanza kwamba baba amefariki. Nikapanda basi, nikafika nyumbani Mbuba kaburi limeshachimbwa. Tukazika. Siku ya tatu, majivu ya moto wa matanga hayajapoa, wazee wa ukoo wakaita kikao. Baba mdogo ndiye aliyeshika kalamu na karatasi.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiye mkubwa, boma hili ni lako. Lakini wewe ni mtu wa mjini, huna nafasi ya kushinda mahakamani. Weka sahihi hapa, mimi nitahangaika kwa niaba yako."

Nilikuwa na haraka ya basi. Nikaweka sahihi. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, ninayejiita mwandishi wa habari, sikusoma karatasi ya nusu ukurasa. Mama alikuwa amekaa upande wa wanawake, hakuulizwa kitu. Dada yangu aliyemuuguza baba hadi siku ya mwisho alikuwa jikoni anawapikia wazee hao hao.

Miezi michache ikapita, nikatumiwa Sh 400,000 kwa simu. Sikuuliza zimetoka wapi. Nilinunua godoro na redio, nyingine zikaishia kwenye nyama choma na marafiki. Mwezi uliofuata mama akapiga simu. Sehemu ya chini ya shamba la migomba, ile aliyoipalilia tangu alipoolewa, imeuzwa. Mnunuzi ameshaanza kukata migomba.

Ndugu msomaji, ile nyama choma niliyokula ilikuwa migomba ya mama yangu.

Sisemi haya ili nionewe huruma. Nayasema kwa sababu kisa hiki kipo katika kila kijiji cha Ngara na Biharamulo, na mara nyingi sahihi inayomaliza kazi ni ya kijana kama wewe, aliyekuja kuzika akiwa na tiketi ya kurudi mfukoni.

Wazee wetu wanapata wapi nguvu hiyo? Wengi hudhani ni mila tu, maneno ya kwenye kilabu cha pombe ya ndizi. Hapana. Ni mila iliyoandikwa na serikali. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa na umri wa miaka miwili tu ya uhuru, serikali ilitangaza katika Tangazo la Serikali namba 436 sheria za mila za urithi na wosia kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Sisi wa huku ni watu wa ukoo wa baba, kwa hiyo ndiyo tunayosomewa.

Inasemaje? Inawagawa warithi katika madaraja matatu. La kwanza ni la mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza, huyo hupata fungu kubwa kuliko wote. La pili ni la watoto wengine wa kiume. La tatu ni la watoto wa kike, wao huchukua kidogo kuliko wote, na ardhi ya ukoo wanaruhusiwa kuitumia tu wakiwa hai, si kuiuza. Mjane je? Mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake, inasema sheria hiyo, ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao.

Soma tena hapo. Fungu la mama yako ni wewe! Wewe unayelala vyumba viwili watu watano, wewe ambaye mgambo wamechukua meza yako ya biashara juzi. Sheria imemwandikia mama yako hundi, na benki ya kuilipa ni mfuko wako uliotoboka.

Sasa linganisha. Mjane Mwislamu aliyeachiwa watoto ana fungu lake linalojulikana, thumni ya mali. Mjane Mkristo ambaye mumewe alionekana kuacha maisha ya kimila anaweza kuingia katika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza walituletea kwa meli, na huko hupata theluthi moja, watoto wakagawana theluthi mbili. Mjane wa Mbuba anayehukumiwa kwa mila: sifuri. Wajane watatu wa nchi moja, wanaopanga foleni moja ya zahanati, mmoja ana thumni, mmoja ana theluthi, mmoja ana machozi. Halafu tunaambiwa Watanzania wote ni sawa mbele ya sheria.

Wapo watakaosema kijana huyu ameharibiwa na mji, mila ni mila. Nawakumbusha kesi iliyoanzia katika mkoa wetu huu huu wa Kagera. Mama mmoja wa Muleba, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Uzeeni hakuwa na mtu wa kumtunza. Mwaka 1988 akaliuza kwa Sh 300,000 kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo. Mwanaukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakama ya mwanzo ya Kashasha kudai kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya wilaya ikapindua. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza.

Februari 1990, Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu ambayo kila kijana wa Kagera angepaswa kuijua kama anavyojua majina ya wachezaji. Alisema haki za binadamu zimo katika Katiba yetu tangu mwaka 1984, Katiba inakataza ubaguzi, na mila inayomruhusu mwanamume kuuza na kumkataza mwanamke haiwezi kusimama. Mauzo yakabaki halali. Mwanaukoo akitaka kulikomboa shamba, alipe zile Sh 300,000, kama ambavyo angelipa kwa shamba lililouzwa na mwanamume.

Angalieni jambo moja katika kesi hiyo. Bibi Holaria hakuingia mahakamani mikono mitupu. Baba yake alikuwa ameandika wosia. Mzee wa Kihaya wa zamani, asiyejua haki za binadamu za Umoja wa Mataifa, alimwachia binti yake shamba kwa maandishi. Nani kasema mila zetu hazina wazee wenye akili?

Baba yangu naye alijaribu. Dada alinionyesha daftari la shule ambamo baba aliandika kwa mkono wake kwamba shamba la chini ni la mama yetu. Nililia nilipoliona. Lakini halikuwa na tarehe wala shahidi hata mmoja. Mahakamani wakasema hiki si wosia, ni maandishi tu. Hawakukosea, ndivyo sheria ilivyo.

Kwa hiyo kata kipande hiki cha gazeti uweke mfukoni. Kwa sheria ya mila, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi, kama mwenyewe anajua kusoma na kuandika, unahitaji mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui kusoma, wawe wanne, wawili na wawili. Mke aliye nyumbani naye ashuhudie. Uandikwe kwa wino usiofutika, uwe na tarehe na sahihi au dole gumba, na mwenyewe awe na akili timamu. Usimweke shahidi ambaye ndiye anayepewa mali. Ukishaandikwa usifichwe darini ukaliwa na panya. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ile RITA tunayoijua kwa vyeti vya kuzaliwa, hupokea na kutunza wosia. Kwa Mwislamu ipo mipaka ya dini yake, wosia hauvuki theluthi ya mali.

Najua utasema utamwambiaje baba aandike wosia, ataona unamtakia kifo. Mimi niliogopa neno hilo hilo. Kwetu kumuuliza mzee habari za mali yake ni kama kumpimia sanda. Lakini nakuambia, aibu ya kumuuliza akiwa hai ni ya jioni moja. Aibu ya kutouliza ni ya maisha yako yote. Anza taratibu. Mwambie, "Baba, nisaidie kujua mipaka ya shamba letu, na ungependa mama akae wapi." Mzee mwenye mapenzi na nyumba yake ataelewa.

Sasa tuseme baba hakuacha wosia, kama wengi. Hapo ndipo tunapoibiwa mchana kweupe, kwa sababu hatujui tofauti ya maneno mawili, msimamizi na mrithi.

Kikao cha ukoo hakimteui mtu. Kikao hupendekeza tu, anayeteua ni hakimu. Kama marehemu aliishi kimila au kwa dini ya Kiislamu, maombi hupelekwa mahakama ya mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi alilete. Hapo ndipo pa kusimama na kusema, si baada ya migomba kukatwa. Mwanamke anaweza kuteuliwa. Mjane anaweza. Dada yako wa "daraja la tatu" anaweza.

Na huyo aliyeteuliwa amepewa kazi, hakupewa mali. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kugawa kwa warithi wanaostahili, kisha kufunga hesabu na kwenda zake. Kanuni za mahakama za mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha kamili ya mali na madeni, yaani Fomu namba 5, na baadaye hesabu katika Fomu namba 6. Akifuja, atawajibika kurudisha hasara. Akikiuka wajibu wake, mahakama inaweza kumvua usimamizi.

Nilipofungua jalada la baba yangu nilikuta vitu vitatu: cheti cha kifo, muhtasari wa ukoo wenye sahihi yangu nzuri, na barua ya uteuzi wa baba mdogo. Fomu namba 5 haikuwamo. Miezi minne ilikuwa imepita kitambo na hakuna aliyemuuliza. Pale mahakamani, jalada ambalo hakuna anayelilalamikia hulala usingizi wa pono.

Tulilalamika. Baba mdogo aliitwa, akaulizwa hesabu, akasema, "Mimi ni mzee wa ukoo, nitamhesabia nani?" Hakimu akamjibu, "Utaihesabia mahakama." Uteuzi wake ukatenguliwa, akateuliwa dada yangu. Orodha ya mali aliipeleka kabla ya mwezi kwisha, mpaka majembe na mbuzi wawili ameyaandika. Mama anaishi nyumbani kwake.

Lakini sitawadanganya kwamba mambo yameisha vizuri. Kipande kilichouzwa hakijarudi. Mnunuzi anasema alinunua kwa mtu mwenye barua ya mahakama, na kweli alikuwa nayo. Shauri hilo sasa ni la ardhi, na huko kuna ngazi zake. Baraza la kata, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu. Mkishindwa kupatana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na jihadhari: ukienda kudai ardhi ya marehemu kabla hamjapata msimamizi, shauri litatupwa, utaambiwa huna mamlaka ya kudai kwa niaba yake. Kwanza mirathi, ndipo ardhi. Nauli nyingi za watu masikini zimeishia kwenye kosa hilo moja.

Sisemi ukoo ni adui. Wazee ndio wanaojua jiwe la mpaka lilipozikwa, nani ana deni la nani, mtoto yupi alizaliwa wapi. Kikao kizuri cha ukoo kinaweza kumaliza ugomvi kwa siku moja ambao mahakama ingeuchukua miaka mitatu. Hofu yao kwamba ardhi itahamia ukoo mwingine binti akiolewa ninaielewa. Lakini nani kaiuza ardhi yetu kwa mtu baki? Si binti. Ni mwanamume wa ukoo mwenyewe, na aliyeweka sahihi ni mwanamume mwingine wa ukoo, ambaye ni mimi.

Nimalizie kwa wakubwa wa nchi, maana bila hivyo mhariri atashangaa.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na ndani yake limo neno zuri kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Safi! Lakini tangazo la 1963 wakaliacha palepale. Mkono mmoja unaandika, mwingine unafuta. Wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa nyumbani baada ya waume zao kufa walikwenda Mahakama Kuu kutaka sheria hiyo ya 1963 ifutwe. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba inabagua, ila ikasema si kazi yake kubadili mila kwa hukumu. Rufani ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki za wajane hao na inapaswa kurekebisha sheria zake. Miaka imepita. Bunge hilohilo liliweza mwaka 2021 kubadili hata lugha ya mahakama ikawa Kiswahili. Mama zetu sasa wananyimwa urithi kwa Kiswahili fasaha.

Chama tawala kina watu wa kusema kwamba mila ni jambo nyeti, lazima jamii ishirikishwe. Sawa. Basi mshirikisheni diwani! Sheria inazipa halmashauri za wilaya nafasi ya kupendekeza marekebisho ya mila za eneo lao na kuyapeleka kwa waziri. Ni vikao vingapi vya madiwani vya Ngara au Biharamulo umesikia vikijadili fungu la mjane? Utasikia posho, utasikia ziara za viongozi. Kijana, akija kuomba kura, usimuulize fulana na kofia. Muulize mstari mmoja: utapeleka lini hoja ya kurekebisha sheria ya urithi? Muulize na wa chama chetu pia, asikwepe.

Na hapa naona mfano unaonikera usiku. Nchi hii ni boma la marehemu wazee wetu waliodai uhuru. Warithi ni sisi wananchi wote, wake kwa waume, daraja moja. Serikali ni msimamizi tu, amepewa barua. Lakini mara ngapi msimamizi wetu anaulizwa hesabu ya shamba, mgodi au kiwanda, naye anajibu kama baba mdogo, "Mimi ni mzee wa ukoo, nitamhesabia nani?"

Hatutajifunza kuidai hesabu ya nchi kama tumeshindwa kuidai ya migomba ya mama. Na hatuna uso wa kumlaani kigogo anayeuza mali ya umma ikiwa sisi wenyewe tulipokea Sh 400,000 kwa simu bila kuuliza zimetoka wapi.

Jumapili hii mpigie baba yako. Kama ameshatangulia, nenda kalifungue jalada lake uone kama Fomu namba 5 imo. Na ukiletewa karatasi ya kutia sahihi msibani, isome mpaka mwisho, hata kama basi linapiga honi.

Mabasi yapo kila siku.